Mwindaji wa Duka la Mreno

Nimefanya kazi na waongo wengi katika mji huu, na wengi wao nawakumbuka kwa mapenzi. Mtu anayedanganya ili apate chumba cha kupanga, au ili askari amwache apite, huyo ni mwenzangu. Hata mimi nimedanganya. Huyu ninayemwandika hapa alidanganya ili asikilizwe. Jina lake silitaji. Sote tulimwita Mwindaji, naye aliliitikia jina hilo kama mtu aliyelitolea jasho.

Kazi yake hasa ilikuwa kufagia. Alifagia duka la bunduki la Mreno mmoja pale La Rochelle, mtaa mmoja wa mji huu wa kusini mwa Afrika, akapangusa vioo, akabeba maboksi kutoka stoo na kuyapanga rafuni, na mteja akifika akamfungulia lango la chuma Mreno akishabonyeza kitufe. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na cherehani yangu, nashona mikanda ya kuwekea risasi na mifuko ya turubai ya kubebea bunduki. Kati yangu na dukani palikuwa na pazia tu. Nilianza 2008, na kwa miaka mitano nilimsikia kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Namjua kwa sikio kuliko wanavyomjua waliokula naye sahani moja.

Nilimshonea mwenyewe kizibao chake, na mpaka leo najilaumu. Kilikuwa cha kaki, chenye vishikio vya risasi sita kila upande wa kifua. Mreno asingemkubalia kutembea na risasi nzima hata moja, kwa hiyo akaokota maganda matupu yaliyokwisha kupigwa, akayasugua kwa dawa ya meno hadi yakang'aa, akayapachika kifuani. Alipanda nayo teksi, hizi za huku zinazojaza abiria kama daladala. Jioni moja abiria wawili wa siti ya nyuma walishuka kabla ya kituo chao kwa kumwogopa, naye aliisimulia safari hiyo wiki nzima. Hakuna siku niliyomwona na furaha kama wiki ile.

Alikuwa Mkongo, na kwao mtu hasalimiwi shikamoo. Alipogundua kwamba sisi wa Kigoma tunawaamkia wakubwa, alianza kutuzungukia. Angepita mbele ya pazia langu asubuhi mara mbili, akikohoa, mpaka nimwamkie. "Marahaba, mama fundi," angeitikia, taratibu, kama anayeonja mchuzi. Kisha angesimama akisubiri nimuulize jambo. Nikikaa kimya angejiuliza mwenyewe na kujijibu.

Mada ilikuwa moja: risasi gani kwa mnyama gani. Tuseme ukweli, alisoma. Hapakuwa na boksi dukani asilolijua, uzito wake, ukubwa wa punje zake, urefu wa ganda. Aliyasoma maandishi ya maboksi kama watu wengine wanavyosoma vitabu vya dini, akisogeza midomo. Ukikosea mbele yake namba ya marisau, yaani zile punje za risasi zinazotawanyika, hakulala. Niliwahi kumwona akimkimbilia mteja hadi kwenye robot ya pembeni, yaani taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, agonge kioo cha gari kumwambia kwamba alizosema ni namba tano zilikuwa namba sita. Mteja alikuwa amenunua soksi.

Wazungu walimpenda. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mwanamume mwenye shamba lake na bunduki nne kabatini angeingia, Mreno angemweleza vizuri kwa maneno machache, naye angegeuka amtafute yule babu mwenye ufagio. Walijua kwamba anatoka Kongo, na kwao Kongo ni msitu mtupu, kwa hiyo kila atokaye huko amezaliwa juu ya mti. Mwindaji aliijua dharau hiyo. Badala ya kuikataa aliikalia kama kiti. Alikuwa na Kiingereza kibovu na aliweza kukiharibu zaidi akiona mteja anakifurahia.

Alidai amewinda miaka ishirini katika misitu ya Maniema. Msusi mmoja wa Jules Street, kule Malvern, aliyetoka mji mmoja naye, alicheka hadi akaangusha kitana nilipomwuliza. Alisema mzee huyo alikuwa karani wa stoo ya reli, akigonga mihuri kwenye karatasi za magunia, na kwamba mtaa mzima ulijua anavyoogopa mbwa. Sikushangaa. Dukani akiletewa nyama ya porini na mteja mwenye shukrani, aliishika kwa gazeti, mkono mbali na mwili, akanipa mimi. Damu ilimtia kichefuchefu.

Na fujo zile za 2008, watu walipokuwa wakitutafuta wageni nyumba kwa nyumba, sote tulijificha. Mimi nilijificha. Yeye alikuwa nasi katika bafu la kanisa moja, amekaa kwenye ukingo wa beseni, amefumba macho, na mtoto wa mtu alikuwa amemshika kidole ili amtulize. Kujificha si aibu. Lakini mwezi haujaisha tukamsikia akisimulia jinsi alivyosimama mlangoni na bunduki ya Mreno na kurudisha nyuma umati. Aliisimulia mbele yetu sisi tuliokuwa bafuni. Hakuna aliyembishia, kwa kuwa alikuwa mzee, na sisi kwetu tumelelewa hivyo: mkubwa akiongopa unatazama vidole vya miguu yako.

Nilimdharau. Nasema wazi. Sikumdharau kwa ufagio, maana hata mimi sindano ndiyo inayonilisha. Nilimdharau kwa sababu alikuwa na masikio na hakuyatumia. Mreno alikuwa mtu mkavu, hana stori, lakini alijua kazi yake, na mtu akija kuulizia risasi za kuwindia vichakani alimweleza yale yale kila mara, mpaka mimi mshonaji nikayajua kwa moyo. Kichakani unaweza kutumia risasi moja nene, au unaweza kutumia marisau makubwa, yale yaliyoandikwa SSG, kila punje kama mbaazi. Marisau yanakusaidia kwa kuwa mnyama anakatiza ghafla na huna muda wa kulenga. Lakini ni ya karibu, hatua ishirini na tano, basi; zaidi ya hapo yanatawanyika, na punje ambayo haikumpata mnyama inakwenda zake mbali. Kwa hiyo humpigi mnyama usiyemwona mwili mzima. Na hupigi kamwe kuelekea upande wanakotokea waswagaji, wale watu wanaopita kichakani na fimbo na makopo kumtoa mnyama mafichoni. Unamwacha akupite, unampiga akishavuka.

Mwindaji aliyasikia hayo mara nyingi kuliko mimi. Akayatupa, kwa sababu hayakuwa na ushujaa ndani yake.

Majira ya baridi ya 2011 alikuja mteja mmoja mwenye karakana ya matairi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Yeye na rafiki zake walikuwa wamealikwa shamba moja njia ya kwenda Natal kuwinda pongo, yule mnyama wa kahawia mwenye madoa meupe na pembe za kujisokota, anayekaa vichaka vizito na kutoka pale tu anapofukuzwa. Hakuwahi kuwinda kichakani. Alisema mwenyewe kwamba anaogopa kukosea, na aliuliza swali zuri: achukue risasi moja moja, au achukue marisau? Mreno alikuwa kwenye simu. Nikausikia ufagio ukiegemezwa ukutani.

Mwindaji akamwambia risasi moja ni ya mtu anayeona, na msituni huoni kitu. Akamwambia achukue SSG. Mteja akauliza apige wakati gani kama haoni, na hapo yule mzee akashusha sauti kama anayetoa siri ya ukoo. Akasema kule kwao hawasubiri kumwona mnyama, kwa kuwa ukimwona wewe, yeye keshakuona zamani. Ukiona majani yanatikisika, piga. Punje zitamtafuta zenyewe.

Nilisikia. Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani na ukasimama. Nilijua ni upumbavu, na ningeweza kufungua pazia nikasema, "Bwana, msubiri mwenye duka." Sikufungua. Yeye alikuwa mzee na mimi mwanamke wa chumba cha nyuma, na nilijiambia kwamba Mreno atamaliza simu na kumrekebisha. Mreno akamaliza simu, akakagua vibali, akauza.

Kisha mteja akasema wanatafuta watu wanne wa kuswaga, siku mbili, chakula juu yao. Pazia likafunguliwa na Mwindaji akachungulia, uso umejaa wema. Akaniuliza, "Mama fundi, mudogo wako Hamisi haiko na kazi, hapana?" Hamisi alikuwa amekaa miezi mitatu bila kibarua. Nikashukuru. Nilimshukuru mzee yule kwa mikono miwili. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili, ushauri na kibarua. Au niliyaunganisha nikayaacha, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inakuja. Sijui mpaka leo, na simlaumu mtu mwingine kwa hilo.

Hamisi alipigwa siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi. Walikuwa wakipita kwa mstari, wakigonga makopo, na yeye akakutana na mti ulioanguka. Akauzunguka. Majani yakatikisika. Anasema hakusikia mlio, aliona tu kopo limemtoka mkononi. Punje zilimwingia begani, mkono wa juu, na moja ilipita ubavuni mwa shingo ikachana ngozi. Yule mtu wa matairi, aliyefyatua, alimbeba mwenyewe kwenye gari lake hadi hospitali, analia njia nzima. Madaktari walitoa punje zilizokuwa na hatari. Moja iliyojificha nyuma ya bega, chini ya ngozi, waliiacha, wakasema haina madhara. Polisi waliandika kuwa ni ajali, bila kutaja bunduki ya nani. Mwaka haujaisha yule mteja akauza karakana, akahamia ng'ambo na familia yake.

Mkono wa kulia wa mdogo wangu haupandi zaidi ya kifua. Hilo alilizoea. Aliloshindwa kulizoea ni lililofuata.

Nilitarajia Mwindaji angekaa kimya. Kumbe kimya hakukijua. Habari zilipofika dukani alifagia siku nzima bila kuongea, nikamhurumia hata, lakini Jumatatu akaja na stori kamili. Alisema yeye alimchagulia yule mteja risasi moja moja, zile nene, na akamwonya asipige kabla ya kuona. Sasa, mtu aliyepigwa na risasi ile hapati bega la kufungia bandeji. Hamisi ana punje mwilini. Kwa hiyo Hamisi alipigwa na bunduki nyingine. Na bunduki nyingine gani, kama si ya mlinzi wa shamba jirani? Na mlinzi anampiga nani, kama si mwizi wa nyama? Ilipangika vizuri. Unaona karani wa stoo alivyokuwa akipanga magunia.

Nilimkabili palepale. Nilimwambia nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia kila neno. Akanitazama kwa huruma akasema, "Mama, cherehani inapigaka kelele sana." Nikaenda kwa Mreno. Mreno akasema mzee anafagia, yeye ndiye anayeuza, na hataki kusikia kwamba mfagiaji anashauri wateja. Nikarudi kwenye cherehani. Niliendelea kushona pale miaka miwili zaidi, hatua nne kutoka kwa mtu yule, na kila asubuhi nilimwamkia.

Sisi tunaozungumza Kiswahili upande wa Malvern tuna chama cha kuzikana. Wamo Wakongo, Warundi, Watanzania, hata Wakenya wawili. Ukifa, chama kinakusafirisha nyumbani au kinakuzika huku kwa heshima; ukifiwa, wanakuja kukaa nawe. Masharti si mengi, lakini moja ni hili, kwamba mtu aliyekamatwa kwa wizi anatolewa. Mwindaji alikuwa mmoja wa wazee wa chama, anakaa kiti cha mbele na maganda yake kifuani. Alisema aliyoyasema kwa upole, kwa masikitiko, kama mtu anayelazimishwa. Nikasimama nikaeleza nilichosikia. Mwenyekiti, Mrundi mmoja mpole, akasema wananiheshimu lakini mimi ni dada wa mtuhumiwa. Wakamtoa Hamisi.

Watu wasioishi ugenini hawataelewa uzito wake. Hamisi hakuwa akiogopa kufa. Aliogopa kufa hapa, na watu wanaoongea lugha yake wapite pembeni wakisema, huyo ni mwizi wa nyama, serikali itamfukia. Alianza kutembea upande wa pili wa barabara. Mama yetu kule Kigoma alisikia, kwa kuwa habari za namna hiyo husafiri bila nauli, akanipigia kuuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Akaniuliza tena.

Kwa haki niseme na hili. Mwindaji huyo huyo aliwahi kunisimamia foleni ya vibali vya ukimbizi tangu alfajiri nilipokuwa na homa, na hakunidai kitu. Nililikumbuka mara nyingi nilipokuwa nikimchukia, na halikunisaidia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa 2014, Jumamosi adhuhuri, msibani mtaa wa Observatory. Mwanachama mmoja, Mrundi, alikuwa amefiwa na mama yake huko Bujumbura, na chama kizima kilikuwa kimekaa uani kwake, viti vya plastiki vimepangwa kwenye mteremko. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wengine, dirisha wazi. Nilishaacha kazi kwa Mreno. Mwindaji alikuwa amekonda, kizibao kinamning'inia, lakini kiti chake kilikuwa katikati ya wanaume na mdomo ulikuwa ule ule. Alikuwa akiwaeleza kuhusu pongo.

Hamisi akaingia. Hakualikwa, ila msiba hauna mwaliko. Akampa mkono wa pole mfiwa, kisha akaenda moja kwa moja mbele ya yule mzee akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Mwindaji akasema. Hakuweza kuiacha ipite, hata ya mtu huyo.

Hamisi akavuta kiti akaketi. Wanaume wawili wakasogea kidogo. Alisikiliza habari za pongo hadi mzee aliponyamaza kumeza mate, ndipo akasema kwa adabu kwamba ana swali. Bega linamsumbua siku za baridi. Wiki iliyopita amekwenda kliniki, na daktari ameishika ile punje iliyobaki akasema ni marisau ya njiwa, ndogo sana, hata haifai kuitoa.

Nilisimama na mwiko mkononi. Hamisi hakuwa amekwenda kliniki yoyote.

"Ya njiwa?" Mwindaji akauliza.

"Ndivyo alivyosema daktari."

"Daktari anajua nini? Njiwa anapigwa na kitu kama ulezi. Leta hapa."

Hamisi akafungua vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, akageuka, akampa mgongo. Mzee akaweka kidole nyuma ya bega, akakipapasa, akakisukuma huku na huku, amefumba macho. Uso wake ulitulia. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo, na kwa nukta moja niliamini kwamba angekuwa fundi mzuri wa kitu fulani kama angekubali kuwa mwanafunzi.

"Ile haiko ya njiwa hata kidogo," akasema. "Ile ni SSG. Wewe daktari wako ni punda. Ile ya boksi ya bluu. Miye mwenyewe njo nilimutolea yule Muzungu pale juu ya rafu, maboksi mbili. Alitaka kubeba risasi moja moja, nikamukatalia."

Mfiwa mwenyewe aliinua kichwa. Mwindaji alikuwa bado ana kidole begani pa mdogo wangu, anatabasamu, anasubiri mtu abishe.

Hamisi hakugeuka. Alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, taratibu.

"Naomba urudie, mzee," akasema. "Mwenyekiti amekaa kule mlangoni, hakusikia."

Mwindaji akageuza kiti chake kumwelekea mwenyekiti, akapandisha sauti, akarudia yote tangu mwanzo, pamoja na mwezi ule wa baridi na rangi ya boksi.